Mwenzako Amepandikizwa Kiungo, Sasa Amelazwa Tena: Namna ya Kumuuguza Wodini

Mara ya kwanza mke wangu kulazwa tena, wiki ya tano baada ya kupandikizwa figo, nilifika hospitali na mfuko wenye nguo za kubadilisha, sabuni na chaja ya simu. Dawa zake nilizisahau juu ya kabati. Nesi wa zamu aliniuliza mambo matatu: anameza takrolimusi (dawa ya kushusha kinga ili mwili usikikatae kiungo) miligramu ngapi, dozi ya mwisho aliimeza saa ngapi, na figo mpya imewekwa upande gani. Nililijua la tatu tu, maana kovu lilikuwa linaonekana. Mwenyewe alikuwa anatetemeka kwa homa, hakuweza kujibu.

Tangu siku ile amelazwa mara kadhaa, na mimi na kile kiti cha kando ya kitanda tumekuwa ndugu. Nimeona jambo moja likijirudia. Madaktari hubadilishana, manesi hupokezana zamu, mgonjwa anasinzia kwa dawa. Anayekuwapo tangu mwanzo hadi mwisho ni mmoja tu, naye ni wewe. Kumtia moyo utamtia, lakini kazi kubwa itakayokuangukia ni kukumbuka: kilichomezwa, kilichosemwa, kilichobadilika. Hatua zifuatazo zimejengwa juu ya hilo. Pale ambapo timu yenu ya upandikizaji imesema tofauti na mimi, fuata yao.

Hatua ya 1: Jua kwa nini wanarudi wodini

Kulazwa tena katika miezi ya mwanzo ni jambo la kawaida kwa waliopandikizwa, iwe figo, ini, moyo au mapafu. Ukilijua mapema hutaingia wodini ukiwa umeshakata tamaa mlangoni. Sababu nyingi huangukia katika mafungu haya: mwili umeanza kukikataa kiungo, maambukizi yameingia, dawa zenyewe zimeleta shida, au upasuaji umeacha tatizo kama mshono usiopona, maji yaliyojikusanya au mrija uliobana.

Mawili ya kwanza yanavutana kama watu na kamba. Kinga ya mwili huona kiungo kipya kuwa mgeni na kukishambulia, dawa za kushusha kinga huizuia. Zikipungua, kiungo kiko hatarini. Zikizidi, vijidudu vinapata mlango. Mtu wa kwanza duniani kupandikizwa moyo wa binadamu, Louis Washkansky, alipasuliwa na Christiaan Barnard mjini Cape Town tarehe 3 Desemba 1967. Aliishi siku 18, na kilichomuua ni nimonia, sio moyo kugoma. Dawa za leo ni bora mno kuliko za wakati ule, lakini kamba ni ileile, ndiyo maana utamwona daktari akiongeza dozi wiki hii na kuipunguza wiki ijayo. Hajachanganyikiwa.

Neno "kukataliwa" linatisha kuliko linavyostahili. Mara nyingi hali hiyo ikigunduliwa mapema hutibika, kwa kawaida kwa dripu ya steroidi kali (dawa za kutuliza kinga) kwa siku chache. Ubaya wake ni ukimya. Figo inaweza kuanza kukataliwa mgonjwa akiwa anacheka na kula vizuri, na kinachoibua siri ni namba ya kreatinini kwenye damu, taka ambayo figo hupaswa kuisafisha. Kwa hiyo mwenzako akiitwa kulazwa ilhali "hana kitu", msibishane na simu hiyo. Nendeni.

Kuthibitisha, madaktari huchukua kipande kidogo cha kiungo wakipime, mara nyingi kwa sindano. Kwa figo au ini, baada ya hapo atalazimika kulala kimya kwa saa kadhaa huku akitazamwa asivuje damu ndani. Saa hizo ni ndefu kuliko upasuaji wenyewe. Beba kitu cha kumsomea, na ukiona mkojo umegeuka mwekundu au anasema maumivu yanazidi, mwite nesi hapohapo.

Jambo la mwisho kwa wenye figo: ile iliyotoka kwa mtu aliyefariki inaweza kuchelewa kuanza kazi kwa siku, hata wiki, na mgonjwa akaendelea kusafishwa damu kwa mashine. Wodini kwetu tulikuwa tunasema figo haijaamka. Haimaanishi imekufa.

Hatua ya 2: Mfuko uwe umefungwa muda wote

Usingoje homa ndipo uanze kutafuta. Weka mfuko mmoja karibu na mlango wenye dawa zote za siku tatu hivi zikiwa kwenye pakiti zake za asili (hospitali isiyo ya upandikizaji inaweza isiwe nazo stoo), nakala ya orodha ya dawa, karatasi ya mwisho ya kuruhusiwa, kadi za kliniki na za bima, kipimajoto, miwani ya akiba, kandambili, chaja yenye waya mrefu. Na sweta lako wewe. Wodi usiku ni baridi, na blanketi hutolewa kwa mgonjwa, sio kwa anayemuuguza.

Mkipelekwa hospitali iliyo karibu badala ya ile iliyompandikiza, sentensi ya kwanza kutoka kinywani mwako iwe: "Huyu amepandikizwa figo, anatumia dawa za kushusha kinga." Ya pili: "Naomba muwapigie waliompandikiza," na uwape namba ya simu palepale.

Hatua ya 3: Daftari

Hapa ndipo ningekuomba usifanye haraka.

Tafuta daftari la karatasi lenye jalada gumu. Simu huishiwa chaji, na hakuna daktari anayefurahia kukodolea macho skrini ya mtu mwingine. Ukurasa wa kwanza andika mambo yasiyobadilika: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya upandikizaji, kiungo gani na kiko upande gani, mchangiaji alikuwa hai au marehemu, kundi la damu, ugonjwa uliomfikisha huko, dawa zinazomdhuru, simu ya mratibu wa upandikizaji. Ukurasa wa pili ni dawa, uandike kwa penseli, kwa sababu dozi zitabadilika hadi uchoke kufuta. Kila badiliko liwe na tarehe na jina la aliyelisema.

Baada ya hapo, kila siku ukurasa wake. Huu ni mmoja wa kwangu, kama ulivyo:

"Jumanne. Saa 12 asubuhi uzito 61.4. Joto 37.2. Damu imechukuliwa saa 1:40, dawa amemeza saa 2:05. Mkojo wa usiku ml 900. Kreatinini jana 162, leo 149. Daktari wa raundi: wanangoja majibu ya virusi, hawabadilishi kitu mpaka kesho. Chakula amekula nusu. Saa 10 jioni amelia kidogo, hakusema kwa nini."

Mstari wa mwisho nao uandike. Siku tatu baadaye daktari aliuliza kama ana huzuni, yeye akasema hapana, nami nikafungua ukurasa ule.

Kila namba iandikie kizio chake. Nilikuwa nimezoea kreatinini ya 1.4. Tukalazwa mahali pengine, karatasi ikaja na 124. Magoti yaliniisha nguvu, nikaketi chini kwenye korido. Nesi alinitazama, akaitazama karatasi, akacheka kwa huruma. Maabara moja hupima kwa miligramu kwa desilita, nyingine kwa mikromoli kwa lita, na ukizidisha ya kwanza kwa 88.4 unapata ya pili. Figo ilikuwa palepale. Aliyeniachia karatasi ile bila maelezo simlaumu sana. Yeye hakujua kwamba mimi nazisoma.

Namba moja peke yake haisemi mengi. Kinachotazamwa ni mwendo: inapanda, inashuka, imesimama? Hilo daftari linaweza kulionyesha kwa kulifunua tu, hasa mkiwa mbele ya daktari mgeni asiyewajua.

Hatua ya 4: Linda saa za dawa

Takrolimusi ya kawaida humezwa mara mbili kwa siku, saa 12 zikipita katikati. Kwetu ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Nyumbani ni rahisi. Wodini toroli la dawa hupita kwa ratiba yake, na usiku wa pilikapilika linaweza kuchelewa saa mbili. Siku ya kulazwa mwulize nesi: dawa hizi mtampa ninyi, au atameza zake mwenyewe? Jibu lolote ni sawa mradi liwe moja. Hatari ni pale nesi anapodhani amemeza zake, naye anadhani nesi ataleta. Au wote wawili wampe.

Asubuhi ya kupima kiwango cha dawa, damu hutolewa kabla ya dozi, sio baada. Akimeza kwanza, kiwango kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo, na daktari akiamini karatasi atapunguza dozi isiyotakiwa kupunguzwa. Ilitutokea karibu hivyo. Toroli lilikuja mapema, mke wangu alikuwa na usingizi, akapokea kikombe na kukiinua mdomoni. Nikasema, "Sista, samahani, leo anapimwa kiwango cha takrolimusi. Naomba tungoje damu itoke kwanza." Yule sista alishukuru, akaandika kwenye faili. Sauti ya chini na neno samahani vimenifikisha mbali kuliko ubishi wowote. Na damu ikishatoka, usisahau: sasa ameze.

Mengine ya kuangalia upande wa dawa:

Muonekano wa kidonge. Takrolimusi ya mara mbili kwa siku na ile inayoachilia dawa polepole mara moja kwa siku hazibadilishani moja kwa moja, na hata kuhama kutoka kampuni moja kwenda nyingine kunataka daktari ajue ili apime damu upya. Rangi ikiwa ngeni, uliza kabla haijamezwa.

Dawa mpya. Antibayotiki kama klarithromaisini na erithromaisini, na dawa za fangasi kama flukonazoli, hupandisha kiwango cha takrolimusi na cha siklosporini, dawa nyingine ya kushusha kinga. Rifampisini ya kifua kikuu na fenitoini ya kifafa hukishusha. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki huumiza figo. Wakati mwingine daktari anajua na anaitoa kwa makusudi akirekebisha dozi. Swali lako ni fupi: "Hii inapatana na takrolimusi?" Mfamasia wa wodi hulijibu vizuri kuliko yeyote, na ni mtu ambaye wengi hawamtumii.

Kutapika na kuhara. Akitapika, tazama saa, tazama kama kidonge kimo kwenye matapishi, mwambie nesi. Msirudie dozi kwa uamuzi wenu. Kuhara nako si jambo dogo kwake: maji hupungua, figo huumia, na takrolimusi inaweza kupanda kwenye damu ingawa dozi ni ileile.

Steroidi. Prednisoloni haikatizwi ghafla hata siku ambayo hali chakula. Kama hawezi kumeza, sema, wanayo ya sindano.

Kidonge cha mikofenoleti, nayo ni dawa ya kushusha kinga, usikivunje wala kukifungua, hasa ikiwa anayemuuguza ni mwanamke mjamzito au anayeweza kushika mimba. Unga wake unaweza kudhuru kijusi.

Halafu atakuja ndugu mwema na chupa ya mizizi "ya kuongeza kinga". Ana nia njema. Ila kinga yenyewe ndiyo mnayoishusha kwa makusudi, na mitishamba mingine huvuruga kabisa viwango vya dawa. Pokea, shukuru, weka pembeni. Balungi nalo halifai, liwe tunda au juisi, kwa sababu hupandisha takrolimusi.

Hatua ya 5: Uwepo raundi ya madaktari

Kama una saa mbili tu za kukaa hospitali kwa siku, ziwe hizo. Raundi kwa mgonjwa mmoja inaweza kuchukua dakika tano, na humo ndimo kila kitu huamuliwa. Andika maswali usiku, yasizidi matatu, la muhimu juu kabisa. Daktari akishaanza kuhama kitanda cha pili hutapata la nne.

Maswali yangu ya kila siku yamebaki yaleyale: Leo mnatafuta nini? Nini kimebadilika kwenye dawa? Mnangoja kitu gani ili aruhusiwe? Akijibu, mrudishie kwa maneno yako: "Kwa hiyo mnasema virusi vimeonekana, lakini figo yenyewe iko sawa?" Mara nyingi hapo ndipo atakaposahihisha, na wewe utapata jibu la kweli.

Mwache mgonjwa aseme kwanza. Hili nilichelewa kulijua. Nilikuwa najibu kila swali, naye akawa anatazama dari. Siku moja madaktari waliposhuka ngazi akaniambia, "Mimi bado nipo, baba. Sijafa." Sasa nasubiri amalize, ndipo naongeza lile alilosahau, au lile analoficha. Maana wanaficha. Mwenzako atasema hana maumivu kwa kuogopa kuongezewa siku. Mkubaliane mapema, mkiwa wawili, kwamba ukiona hatari utasema hata akikukazia macho.

Hatua ya 6: Usafi bila kugombana na watu

Nawa mikono uingiapo na utokapo, wewe kabla ya wageni. Kitakasa mikono kinatosha mara nyingi. Lakini kama wodi ina mgonjwa mwenye kuhara kwa bakteria wa C. difficile, au ni mwenzako mwenyewe, tumia maji na sabuni, kwa kuwa mbegu za bakteria hao hazifi kwa spiriti.

Mwenye mafua asiingie, hata kama ni mama mkwe. Kazi ya kuwazuia watu ichukue wewe au, afadhali zaidi, mkabidhi nesi: "Daktari amesema wageni wawili tu" ni sentensi isiyovunja undugu. Wodi nyingi za upandikizaji hukataa maua mabichi kwa sababu maji na udongo wake hubeba vijidudu na ukungu, kwa hiyo waambie watu mapema. Chakula cha kutoka nje kiwe kimeiva vizuri na kimeletwa kingali cha moto, pasiwe na yai bichi, nyama mbichi wala maziwa yasiyochemshwa.

Nyumbani, chanjo za wanafamilia ziende na wakati. Yeye mwenyewe hapewi chanjo zenye vijidudu hai, kama ya surua au homa ya manjano. Na kama kuna mtoto mchanga, waambie wanaochanja kwamba ndani ya nyumba kuna mtu aliyepandikizwa, kwa sababu chanjo ya polio ya matone hutoka na virusi kwenye choo cha mtoto.

Hatua ya 7: Mtu uliyemwoa anaweza kupotea kwa siku chache

Hakuna aliyeniandaa kwa hili. Steroidi kwa dozi kubwa hukata usingizi, huleta njaa ya ajabu, huvimbisha uso na kumfanya mtu awe mkali kama pilipili, au ashangilie kupita kiasi, au alie bila sababu. Takrolimusi hutetemesha mikono kiasi cha kumwaga chai. Katika chumba cha wagonjwa mahututi, wengine huweweseka: huona watu ukutani, hudhani manesi wanawawinda, huvuta mirija.

Mke wangu aliniambia saa tisa usiku kwamba mimi ndiye niliyemuuza hospitalini hapo. Alisema kwa utulivu, akinitazama usoni. Asubuhi hakukumbuka.

Usibishane na anayeweweseka, wala usikubaliane naye. Mwambie wewe ni nani, yuko wapi, leo ni siku gani, saa ngapi, kwa sentensi fupi, na urudie bila kukasirika. Mvalishe miwani yake na kifaa cha kusikia kama anacho. Mchana fungua pazia, usiku omba taa zipunguzwe. Saa ya ukutani na picha ya nyumbani husaidia kuliko maneno mengi. Na mjulishe nesi mara moja, kwa sababu kuchanganyikiwa kwa ghafla kunaweza kuwa dalili ya maambukizi au ya dawa kuzidi. Kama ni prednisoloni inayomkesha, uliza kama inaweza kutolewa yote asubuhi.

Kuna huzuni nyingine isiyo ya dawa. Mtu aliyepokea kiungo cha marehemu anaweza kulia kwa ajili ya familia asiyoijua. Aliyepewa na ndugu anaweza kujiona mdeni kila namba inapopanda. Na kama mchangiaji ni wewe mwenyewe, figo yako iko pale kitandani inapimwa kila asubuhi, wewe una kovu lako na uchovu wako, na kila kreatinini ikipanda unahisi umeshindwa mara mbili. Nimewaona wenza wa namna hiyo wakikaa kimya wote wawili. Ombeni mtu wa ushauri nasaha, hospitali nyingi za upandikizaji zinaye.

Hatua ya 8: Mwachie kazi zake

Anachoweza kufanya mwenyewe, asifanyiwe. Apime mkojo wake, aandike uzito wake, ajaze kisanduku chake cha dawa nawe ukihakiki. Atakuwa na dawa hizi muda wote kiungo kinapofanya kazi, hutakuwapo kila saa mbili usiku ya maisha yake. Siku ya tatu ya kulazwa, akiwa na nguvu kidogo, nampa daftari na kalamu. Mwandiko unatetemeka, tunausoma hivyohivyo.

Na kila siku tafuteni robo saa ya kuzungumza mambo yasiyo na damu, mkojo wala bima. Sisi tulikuwa tunawateta majirani wa kitanda kwa kunong'ona. Sijutii.

Hatua ya 9: Wewe nawe una mwili

Kwa ufupi, kwa sababu najua utaipita hatua hii. Lala kitandani kwako angalau usiku mmoja kati ya kila siku chache, mwachie ndugu zamu pamoja na daftari. Meza dawa zako za presha kama unazo. Chagua mtu mmoja wa kutuma habari kwa ukoo mzima, ili usijibu simu 30 kila jioni kwa maneno yaleyale. Mtu akiuliza "nisaidie nini?", mtajie kitu chenye saa: kuwachukua watoto shuleni Alhamisi, kukupokea zamu Jumamosi asubuhi. Risiti zote ziingie kwenye bahasha moja siku ileile zinapotolewa. Kazini omba barua ya hospitali mapema, kabla bosi hajaanza kuuliza.

Na ukipata mafua, usiende wodini. Itakuuma, lakini ndiyo zamu yako ya siku hiyo.

Hatua ya 10: Siku ya kuruhusiwa

Siku hii kila mtu ana haraka, na makosa hupenda haraka. Usikubali avue shati la hospitali kabla hamjakaa chini na orodha mbili: dawa alizoingia nazo na dawa anazotoka nazo. Pitieni mstari kwa mstari na nesi au mfamasia. Ipi imeongezwa, ipi imeondolewa, ipi imebadilishwa dozi, dozi ijayo ni saa ngapi leo. Dawa za zamani zilizoondolewa zitoeni nyumbani, zisichanganyike kwenye kabati.

Kisha uliza dalili za kupiga simu, na uziandike kwa maneno yao. Kwa kawaida zitakuwamo hizi: joto la 38 au zaidi, uzito kupanda kilo moja kwa siku au mbili kwa wiki, mkojo kupungua, uvimbe, maumivu juu ya kiungo, kutapika dawa, kuhara, kupumua kwa shida, macho kuwa ya njano kwa mwenye ini. Akihisi homa, pima kwanza na upige simu kabla ya kumpa parasetamoli, maana itaficha namba wanayoitafuta. Prednisoloni nayo inaweza kuificha homa, kwa hiyo mtu aliyenyong'onyea bila joto bado anastahili simu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Huo msemo sikuuelewa vizuri mpaka nilipouguza.

Uliza pia yale ambayo watu huona aibu kuyauliza. Ainue uzito kiasi gani, na mpaka lini. Wiki za mwanzo kwa kawaida mzigo mzito hauruhusiwi kwa sababu ya mshono. Tendo la ndoa lini. Jibu huwa ni pale kidonda kinapopona na daktari anaporidhika. Na uzazi wa mpango msiuache mezani, kwa sababu figo mpya ikifanya kazi vizuri uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi mapema kuliko mnavyodhani, wakati mikofenoleti bado imo mwilini na madaktari kwa kawaida hushauri kungoja walau mwaka mmoja.

Mkifika nyumbani atataka kulala. Mwache alale, ila weka kengele ya saa mbili usiku. Akiwa amelala, fungua ule mfuko, toa nguo chafu, rudishia dawa zilizopungua, badilisha orodha ya zamani kwa mpya, weka karatasi ya leo ya kuruhusiwa juu kabisa. Ufunge, uurudishe karibu na mlango.